Miche 640, imebaki 71. Tumekosea wapi? (Lindi, pembezoni mwa msitu wa Litipo)

BintiMingoyo (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo.

Naomba ushauri. Someni hadi mwisho kabla hamjanicheka, maana kuna mahali mtacheka tu.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa pili, Baiolojia na Jiografia. Chuoni tuna klabu ya mazingira na mimi ndiye katibu, maana yake naandika mihtasari na kuwapigia simu watu wasiopokea. Mwaka juzi alikuja mgeni kutuzungumzia komba. Ukumbi mzima ukacheka. Sisi tuliokulia Lindi komba tunamjua: yule anayelia usiku kama mtoto aliyeachwa njiani, anayepanda mnazi kunywa tembo la wenyewe, hadi mtu akizidisha tunasema kalewa kama komba. Mgeni akasubiri tumalize, akatuonyesha picha. Kumbe si yule. Huyu anaitwa komba wa Rondo, ule uwanda wa juu wa huku huku Lindi. Mkubwa wake ana gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote, na mkia wake manyoya yamesimama kama brashi ya kuoshea chupa. Nilipofika nyumbani nikachukua yai la kuku nikalipima mkononi. Mama akaniuliza kama nataka kulipika au kulisalimia.

Kilichonishika ni kwamba dunia nzima komba huyu anajulikana Tanzania tu, tena kwenye vipande vya msitu wa pwani. Kuna kundi la huku kwetu Lindi na Mtwara, na kundi la kaskazini ya Rufiji, huko Pugu, Pande na Zaraninge, kama kilomita 400 kutoka hapa. Yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Na Litipo ni kwake. Litipo hii hii ninayoipita nikienda kwa shangazi Rutamba, nikilala mdomo wazi dirishani!

Basi tukaamua kupanda miti. Hifadhi yenyewe ni ya Serikali, huingii kulima wala kuchimba bila kibali, lakini kijiji kilitupa ekari tatu za shamba lililoachwa, katikati ya msitu na mikorosho ya watu. Shabaha ilikuwa msitu usogee. Tulitengeneza kitalu nyuma ya bweni, viriba (vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche) tukajaza udongo usiku kwa tochi za simu, kila mwanachama viriba ishirini. Hatimaye tukawa na miche 640: mitiki 250 (hii tuliletewa na mfadhili), mninga 200, mkongo 110, mvule 80.

Tulipanda wiki ya kwanza ya Aprili mwaka huu, kwa sababu tarehe 1 ni siku ya kupanda miti kitaifa na mgeni rasmi alipatikana siku hiyo. Fulana zilikuwepo, spika ilikuwepo. Mei tukarudi kupalilia. Tulifyeka kila kichaka, tukakwangua majani makavu yote chini tukayachoma pembeni, hadi mlezi wetu akasema pamekuwa pasafi kama uwanja wa gwaride. Julai tukaenda likizo. Oktoba tumerudi.

Nimehesabu mwenyewe, daftari mkononi, mstari kwa mstari. Mitiki 58. Mkongo 11. Mvule 2, na hiyo miwili ncha zake zimevimba vinundu kama mtu mwenye chunusi. Mninga sifuri. Vijiti vikavu mia mbili vimesimama kama njiti za kiberiti. Upande wa mikorosho moto umepita, lakini mninga haikuwa upande huo, imekauka tu. Aibu nyingine: kuna wenzetu walipanda na kiriba chake. Nimefukua mche mmoja nikakuta plastiki nzima, mizizi imejizungusha ndani kama tambi kwenye sufuria.

Tukaanza kung'oa mninga iliyokufa ili tupate mashimo ya Desemba. Tumeng'oa kama mia na hamsini. Mmoja ulikataa. Tulivuta watu wawili, kijiti kikakatikia mkononi na mzizi ukabaki chini, mnene kuliko kijiti chenyewe. Nikajiuliza, maiti gani hii inang'ang'ania ardhi?

Sasa mfadhili anatuletea mitiki 500 nyingine bure. Mwenyekiti wetu anasema hesabu inajieleza, mitiki ndiyo imepona, tupande mitiki. Mimi roho inakataa lakini sina hoja ya kumpa. Nisaidieni hoja, au mniambie mwenyekiti yuko sahihi nikae kimya.

---

Komba_Mlevi

Nimesoma jina langu likichafuliwa hapo juu. Tembo la mnazi tunakunywa, ndiyo, lakini kukwangua majani msituni ukayachoma halafu uje kuuliza kwa nini msitu haukui, hata sisi walevi hatujafika huko 😂

Pole dada. Subiri wazee waje.

---

BwanaMiche_Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Nimefanya kazi ya vitalu na mashamba ya miti miaka 31, sehemu kubwa huku kusini, na nimestaafu na mgongo wangu. Nimesoma habari yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwenye tambi. Mara ya pili, nilipofika kwenye mninga, nikavua miwani.

Acheni kung'oa. Leo. Mpigie simu huyo mwenyekiti sasa hivi hata kama hapokei.

Mninga yenu haijafa. Mche wa mninga una tabia ambayo imewadanganya watu wazima wenye vyeti ukutani: kiangazi kikiingia, shina lake dogo linakauka lote hadi usawa wa ardhi. Ukiliangalia utaapa limekufa. Chini, mzizi uko hai na unanenepa. Mvua zikija, unachipua upya. Kiangazi kinachofuata shina linakufa tena, mzizi unanenepa tena. Unaweza kufanya mchezo huo miaka mingi, hadi siku mzizi umeshiba kiasi cha kusukuma shina ambalo moto na ukame havitaliweza. Ndiyo maana ule mmoja uliwashinda watu wawili. Ile haikuwa maiti, ile ilikuwa inawakatalia.

Hiyo hamsini iliyobaki, fukua udongo kwa kidole shingoni mwa mche, ukwaruze gome kwa ukucha. Ukikuta kijani au rangi mbichi yenye unyevu, fukia, weka alama ya kijiti kirefu, ondoka.

Halafu kuna jambo jingine ambalo ningekwambia hata kama mninga yote ingepona. Mninga ni mti wa miombo, wa kule kwenye nyasi na mwanga mwingi. Litipo ni msitu wa pwani, mnene, wenye vichaka na mitambaazi. Miombo inauzunguka, lakini si kitu kimoja. Iliyopona iacheni, msiiongeze. Tafuteni mbegu humo humo kwenye kingo za huo msitu mnaotaka usogee. Mkongo ni sawa. Msandarusi ni sawa. Vichaka vidogo vidogo ambavyo hakuna mfadhili anayevijua majina ndivyo sawa zaidi.

Tarehe. Aprili! Mwanangu, wewe ni mtoto wa Mingoyo, mvua zetu hazifanani na za Tanga wala Dar. Huku ni msimu mmoja. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, Februari hutuchezea kidogo, Aprili zinafunga mizigo, Mei zimekwenda. Mche wa Aprili unapata wiki chache za kunywa kisha miezi sita au zaidi ya jua. Kuna wanaopanda tarehe 5 Juni kwa ajili ya Siku ya Mazingira Duniani, wakapiga picha, mche ukafa kabla picha hazijatumwa. Mgeni rasmi mleteni Aprili aje kupalilia, apewe jembe. Kupanda ni Desemba, ardhi ikishalowa kina cha kiganja na nusu, si mvua ya kwanza ya kudanganya.

Mkongo 11 kati ya 110 ni kidogo lakini si fedheha kwa mwezi huo. Mbegu zake ni zile nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watu hutungia shanga. Ganda lake ni gumu. Safari ijayo kata kidogo ganda upande wa mbali na ile kofia, loweka usiku mmoja, kisha panda. Utaona tofauti kitaluni. Na kitalu kisiwe mbali na maji, kwa sababu katibu mwenye mitihani hamwagilii.

Mvule, vile vinundu ni wadudu wadogo sana wanaotaga kwenye ncha changa, ncha inavimba na kuoza. Ukiipanda mingi pamoja juani umewaandalia karamu. Mvule unapandwa mmoja mmoja, mbalimbali, penye kivuli cha nusu, katikati ya vichaka. Vile vichaka mlivyofyeka.

Kuhusu kiriba sisemi kitu. Mmeshajisema.

---

BintiMingoyo

Baba, asante. Mikono inanitetemeka nikiandika. Mia na hamsini. Tumeng'oa mia na hamsini kwa mikono yetu, tena tulikuwa tunaimba.

Nimempigia mwenyekiti. Amepokea. Kanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama nina uhakika huyo mzee yupo kweli au ni mtu wa mtandaoni.

Jumamosi nakwenda na ukucha wangu.

---

FundiMbao_Masasi

Mimi nitampinga mzee kwa heshima. Mtiki ni pesa. Mtu akipanda leo, baada ya miaka ishirini na kitu anaezeka nyumba na kusomesha. Wanakijiji wanahitaji mbao na nguzo, wasipokuwa na mitiki yao wataingia hiyo hiyo Litipo kukata. Wanafunzi wakipanda vichaka, nani atavilinda? Kichaka hakina bei. Mtiki umeshaonyesha unaweza, 58 imepona bila kumwagiliwa.

---

BwanaMiche_Mstaafu

Fundi, nusu ya maneno yako nayakubali na nusu nayarudisha. Mtiki shambani kwa mtu, kwenye mpaka wake, barabarani, nyuma ya shule, panda hadi uchoke. Hiyo mitiki 500 msiikatae, igaweni kwa kaya. Rondo kwenyewe mvule ilivunwa sana enzi za mkoloni, baadaye pakapandwa misonobari na mitiki, na kazi yake ya mbao inajulikana. Lakini ingia chini ya mtiki uliokomaa mwezi wa Agosti. Umedondosha majani makubwa kama sinia, makavu, yanalia ukikanyaga, na chini yake hakuna kitu. Cheche moja inatosha. Hawa watoto wamepewa ekari tatu kwa ajili ya mnyama wa gramu 60, hawakupewa kwa ajili ya kenchi.

---

TochiNyekundu

Habari zenu. Niongeze kuhusu komba mwenyewe, maana naona tunazungumzia nyumba bila kumuuliza mwenye kulala.

Mimi si mtaalamu. Miaka ya nyuma niliajiriwa na watafiti kubeba betri na kushika tochi kwenye misitu ya Lindi. Kazi yetu ilianza watu wakishalala. Unafunika tochi kwa karatasi nyekundu, kwa sababu taa nyeupe inamkimbiza na mwanga mwekundu haumsumbui sana. Halafu unatembea polepole mno, unasikiliza. Makomba wadogo kwa macho wanafanana, kinachowatenganisha ni sauti. Wa Rondo mlio wake unakuja mbilimbili, unajiviringisha, mbili, mbili, mbili, kama mtu anayezungusha kokoto kwenye kikombe. Watafiti walikuwa wanarekodi na kulinganisha. Kumbukeni huyu mnyama amepewa jina lake la kisayansi miaka ya 1990 tu, kabla ya hapo vielelezo vilivyokusanywa Rondo vilidhaniwa ni vya komba mwingine. Alikuwa anapiga kelele kila usiku juu ya vichwa vya babu zetu na hakuna aliyejua ni nani.

Nasema juu ya vichwa, lakini hapo ndipo kuna jambo. Tulipomwona kwa karibu mara ya kwanza hakuwa juu. Alikuwa usawa wa kiuno changu! Kakumbatia mche mwembamba uliosimama wima, mnene kama dole gumba, kajibandika kama mjusi ukutani, macho mawili ya rangi ya machungwa kwenye tochi. Akageuza kichwa, akaruka hadi kwenye mche mwingine mwembamba, akatua wima vilevile, hakupanda wala hakushuka. Akaruka tena. Halafu akateremka hadi karibu na ardhi, akatazama majani makavu, masikio yanacheza peke yake, moja huku moja kule, akachomoa mkono akashika mdudu. Alikula kichwa kwanza. Mtafiti aliyekuwa nami akanibana bega hadi likaniuma siku mbili.

Sasa hesabu mwenyewe dada katibu. Anakula wadudu na matunda, mara nyingi karibu na ardhi. Anatembea kwa kuruka kutoka shina jembamba hadi shina jembamba, ndani ya vichaka. Mchana analala kwenye kiota, mara nyingi huko juu kwenye matawi. Anahitaji juu na chini. Ninyi mlifyeka vichaka, yaani barabara yake, mkakwangua majani, yaani sahani yake. Hata hiyo miti 640 ingepona yote ikakua mirefu mizuri, chini pakiwa uwanja wa gwaride, angefika kwenye ukingo wa msitu wake, akatazama, akarudi.

Najua kwetu Tanzania tumelelewa kufagia. Uwanja wenye majani ni wa mwanamke mvivu, tunaambiwa. Pale ekari tatu msifagie.

---

Mama_Korosho

Mimi siandikagi humu, mjukuu ndiye amenisomea na ndiye ananiandikia.

Shamba langu linapakana na hizo ekari zenu, upande ule uliopita moto. Nimewaona tangu siku ya fulana. Mlikuja na basi, mkapiga muziki, mkapanda, mkaondoka. Hakuna aliyefika kwangu hata kuniomba maji. Nyumba yangu iko hatua mia kutoka pale. Mwenyekiti wa kijiji mlimsalimia, mgeni rasmi mlimsalimia, mimi ninayepakana nanyi hapana. Sisemi kwa kununa, nasema ili mjue moto ulivyotokea.

Agosti na Septemba huku watu wote tunasafisha chini ya mikorosho, maana korosho zikidondoka Oktoba lazima zionekane. Tunakusanya majani tunachoma. Mimi nachoma jioni upepo ukilala na nakaa hapo na ndoo. Kuna kijana upande wa pili kachoma mchana. Moto ukatambaa kwenye nyasi hadi kwenu. Tungejua kuna watoto wa watu wamepanda kitu pale tungelima kinga moto mapema, mwezi wa sita nyasi bado mbichi, jembe linaingia. Nani alituambia? Na ninyi mlikuwa likizo. Niliuzima mimi na mjukuu kwa matawi ya mkorosho, ndiyo maana haukufika kwenye mitiki yenu. Mkashukuru mitiki.

La pili. Vichaka mlivyofyeka Mei vilikuwa na ming'oko, vile viazi vya porini. Nimechimba ming'oko pale tangu mume wangu yu hai. Kamba zake zinapanda kwenye vile vichaka, ndizo zinazonionyesha pa kuchimba. Mmekata kamba zote. Mwaka huu nimechimba kwa kukumbuka tu, kama kipofu. Nimepata nusu kapu.

Komba wenu simjui huyo wa yai. Lakini jioni kuna kitu kinaruka kwenye vichaka upande wa msitu, kidogo sana, mjukuu wangu anasema ni panya mwenye akili.

---

BwanaMiche_Mstaafu

Binti, umesikia. Ushauri wangu wote hapo juu uweke chini ya huu wa mama.

Nyongeza moja tu. Ombeni kijiji kilipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wenyewe. Ekari tatu ni kidogo, lakini zikishaandikwa, mwenyekiti ajaye hataziuza kwa mlima ufuta.

---

Komba_Mlevi

Panya mwenye akili. Nimelipokea jina.

---

BintiMingoyo

Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilikwenda na wenzangu wanne. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kule mtandao unashika ukisimama juu ya kichuguu kimoja tu.

Kwanza tulipita kwa Mama Korosho. Nilipiga hodi magoti yakigongana. Akatoka, akatutazama miguuni, akasema leo mmekuja bila spika. Tukaomba radhi. Akatupa maji, akatupa na mihogo, halafu akatuuliza kila mmoja ni mtoto wa nani, na ikaonekana babu yangu upande wa mama na marehemu mumewe walikuwa wakivua pamoja Mchinga. Kwa hiyo sasa ni bibi yangu, hakuna mjadala.

Mninga. Nilipiga magoti kwenye mche wa kwanza nikafukua kwa kidole kama baba alivyosema. Juu kijiti kikavu, kinavunjika. Nikashuka, udongo mkavu, kisha udongo wa baridi kidogo, kisha gome. Nikakwaruza. Kulikuwa na mstari mbichi, wa kijani hafifu unaoelekea njano, na ukucha ukalowa. Nilipiga ukelele mwenzangu akadhani nyoka. Iliyobaki haijang'olewa ilikuwa 47. Yenye ubichi 39. Tumeiwekea alama za vijiti virefu tukavifunga vitambaa vya zile fulana, tumepata kazi yake.

Kisha nikafanya kitu ambacho hakuna aliyenituma. Nilipima hatua kumi kwa kumi mahali tulipofyeka Mei, nikahesabu kila kilichochipua chenyewe, kisiki au mbegu, kisicho nyasi. Bibi akawa ananitajia majina, mengine sijui kuyaandika. 63. Hatua kumi kwa kumi, 63, bila kiriba, bila mgeni rasmi! Mingi inachipua kwenye visiki vilevile tulivyokata. Mwenzangu mmoja wa Dodoma akasema kwao hiki wanakiita kisiki hai, unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu unapunguza mengine. Bibi akasema hapa msipunguze kitu kwanza, mmeshapunguza vya kutosha.

Mwenyekiti bado kanuna kidogo. Anasema tutaandika nini kwenye ripoti ya mfadhili, kwamba tumepanda nini? Nimemwambia tuandike 39 na 63. Anasema hizo si za kwetu, 63 zimeota zenyewe. Tumebishana hadi stendi. Mwishowe amekubali mitiki 500 igawiwe kwa kaya, na Fundi wa Masasi kama upo karibu njoo uwafundishe kupogolea, maana wameshauliza. Desemba tutapanda mikongo tu, na kama mbegu za msandarusi zitapatikana ukingoni tutajaribu. Viriba kila mtu atavua mbele yangu, nitakaa na gunia la kukusanyia plastiki kama mkaguzi wa tiketi.

TochiNyekundu, kabla ya kuondoka tulikaa na bibi nje hadi giza. Simu niliiweka kurekodi. Kuna mbwa, kuna mimi nikikohoa, kuna bibi akisema nyamaza. Kwenye dakika ya kumi na nne kuna kitu. Mbili, mbili, mbili. Sisemi ni yeye. Nitakutumia ukisikilize.

Bibi, mwambie mjukuu akusomee: tunakuja tena Jumamosi, watu tisa, majembe tunayo sita. Tunaanza na kuchonga njia ya moto upande wa yule kijana anayechoma mchana, na tutampitia kwake kwanza. Kapu la ming'oko mwaka kesho tutalichimba sisi, wewe utakaa kivulini ukitukosoa.